Rodi ya Mzee wa Nailoni

Bidhaa iliyouzwa zaidi katika duka la Mzee wa Nailoni haikuonekana hata ukisimama mlangoni ukakodoa macho. Kwenye rafu palikuwa na kamba za kufungia mbuzi, turubai, sufuria, betri za tochi na viatu vya tairi. Nailoni yenyewe, ile iliyompa jina, ilikaa ndani ya mtungi wa udongo nyuma ya kaunta. Mtungi ulifunikwa kwa sahani, na juu ya sahani kukawa na kitambaa cheusi. Ukiuliza uzi, aliinama, akapapasa mtungini, akatoa kibiringo kimoja tu. Akishakukatia, kibiringo kilirudi gizani kabla hujamaliza kushukuru.

"Jua ya Isiolo inakula nailoni," alisema. "Inakula ndani, nje inabaki kama mpya. Utaenda nayo, ushanga imwagike kwa shingo ya mtu, halafu useme mzee ni mwizi."

Sisi wanawake wa shanga ndio tuliokuwa wateja wake wakubwa. Mimi huuza shanga kando ya barabara kule Ngaremara, kwetu, lakini chumba changu cha kupanga kiko Bulla Pesa, jirani kabisa na lilipokuwa duka lake. Siku hizi hapo pamekuwa pa kukaangia chipsi, na nikipita nasikia harufu ya mafuta badala ya harufu ya kamba mpya. Huwa sinunui chipsi hapo. Sina sababu ya maana, ni ukaidi wangu tu.

Ukoo wake mtaupata kwa wengine. Watu wa mjini kwetu wakimweleza mtu hupenda kuanzia kwa babu aliyekuja na jeshi la Mzungu, wakapitia ngamia wote wa familia, na chai ikapoa kabla mwenyewe hajatajwa. Mimi naanzia kwenye mtungi kwa sababu ndipo tulipojuana.

Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi pwani, kwenye boti za kuwapeleka wageni kuvua kwa starehe. Hakuwa nahodha wala mpishi. Alikuwa yule mtu wa nyuma ya boti anayechagua vifaa: ndoana gani, uzi gani, rili gani ya kuzungushia uzi huo, rodi gani ya kuibeba rili, kwa samaki gani, kwa bahari ya siku hiyo. Alipochoka alirudi Isiolo akafungua duka. Na juu ya ukuta wa duka hilo, imelazwa kwenye misumari, kulikuwa na rodi moja ambayo haikuwa ya kuuza.

Rodi hiyo ilikuwa ya samaki mmoja. Alimwita kolekole, na kwa kuwa kolekole wako wa kila namna, hakuchoka kuongeza: yule wa mkia wa manjano. Alisema ana mgongo wa kijani cha chupa na mstari wa manjano ubavuni, kutoka jichoni hadi mkiani. Mimi samaki niliyemjua alitoka kwenye kopo, ana mchuzi wa nyanya. Lakini nilisikiliza, maana mtu akizungumzia kitu anachokipenda hata ukiwa mjinga wa kitu hicho unapata burudani.

"Huyo hana meno ya kukata uzi," aliniambia. "Hana upanga. Haruki juu kujionyesha. Ukimshika anaenda chini tu, kwa mwamba. Anajua mwamba itamfanyia kazi. Inakata, na wewe unabaki na rodi nyepesi mkononi, unaangalia wenzako."

Hapo ndipo ilipokuwa taabu yake yote, na ilikuwa taabu aliyoipenda. Maji ya huko ni maangavu. Ukiweka uzi mnene, kolekole anauona, anapita zake. Ukiweka mwembamba, anakula vizuri, kisha anakwenda nao mwambani na huo ndio mwisho wa habari. Kwa hiyo ule upande wa mwisho wa uzi, unaofungwa ndoana, ndio aliobadilishabadilisha mwaka hadi mwaka, akiwa mahali ambapo bahari iko mbali siku nzima ya safari na zaidi. Asubuhi ungempata ameweka mnene. Baada ya swala ya adhuhuri ameukata, ameweka mwembamba, na uso wake una mashaka.

Aliomba ushauri kwa kila mtu, na hilo ndilo lililonichekesha zaidi. Muuza nyama wa jirani, ambaye hajawahi kuona bahari hata kwenye kalenda, alimshauri aweke waya wa umeme. Mzee wa Nailoni hakumcheka. Alikaa na wazo lile siku nzima, kisha akarudi kwa muuza nyama kumweleza kwa adabu kwa nini waya haufai: huyu hana meno, na waya unang'aa. Muuza nyama alitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kwa haki. Tangu siku hiyo naye akawa na maoni juu ya kolekole, tena maoni makali.

Kitu kimoja hakukibadilisha, nacho ni mpangilio wa kuchagua. Alisema wageni wengi hununua rodi kwanza kwa sababu rodi ndiyo inayoonekana, halafu wanaanza kumtafuta samaki wa kuifaa. Yeye alianzia mdomoni mwa samaki akarudi nyuma. Anakula nini? Basi ndoana iwe ya kadiri ya chambo hicho hai, isikiue mapema. Uzi uifae ndoana, rili iufae uzi, na rodi ije mwisho kabisa, hata kama ndiyo uliyoipenda dukani. Rodi ya kolekole isiwe ndefu ya kujivunia. Iwe fupi kidogo na ngumu sehemu ya chini, ili samaki akielekea chini uwe na cha kumzuia.

Nilipohamia chumba kikubwa kabla sijawa hata na kiti, alikuja mlangoni kwangu, akatazama kuta tupu, akasema, "Abaayo, umenunua rodi kwanza." Abaayo kwa Kisomali ni dada, na ndivyo alivyoniita siku zote, ingawa mimi ni Mturkana na angeweza kuwa baba yangu. Maneno hayo yakaenea kichochoro kizima. Kijana mmoja aliyeshona suti ya harusi kabla ya kupata mchumba aliambiwa amenunua rodi kwanza, na nasikia mpaka leo hajaoa.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtu wa mipango katika mambo yote. Viatu vyake havikufanana. Miwani yake ilishikiliwa na uzi, na uzi wenyewe, la kushangaza, ulikuwa wa pamba, umechakaa. Kwenye duka alisahau alikoweka sufuria aliyoiuza asubuhi, akamtuma mteja aliyeirudia aitafute mwenyewe. Chai yake, ya maziwa ya ngamia, aliiacha mpaka ikashika ngozi juu, akailaumu chai. Ni kwenye uzi na ndoana tu ndipo alipokuwa mtu mwingine. Hata Kiswahili chake kilibadilika. Akiuza kamba alisema kama sisi, hii kamba iko sawa. Akishika ndoana maneno ya pwani yalimrudia, yakawa yamenyooka, na wateja wakatazamana.

Tena yeye samaki hakula. Hilo nililijua siku nilipomletea samaki wa kukaanga kutoka hotelini, nikidhani nimemfanyia wema mkubwa. Alishukuru, akaweka sahani mbali naye, akaisukuma mbali zaidi kwa kidole.

"Huli samaki, mzee?"

"Samaki ina harufu ya chuma iliyolala kwa maji," akasema. "Mimi ni mtu wa nyama ya ngamia."

"Na hiyo kolekole yako?"

"Hiyo sio ya kula. Hiyo ni ya kushika."

Wala hakujua kuogelea. Miaka yote ile juu ya bahari, na hakuwahi kuingia majini kupita magoti. Nilipomcheka alisema mtu wa lori hahitaji kujua kukimbia kama lori.

Mimi binafsi nina deni la shukrani kwake, na ni la fundo. Kabla ya kumjua, mikufu yangu ilikatika. Mtalii alinunua kwa furaha, na kabla hajaingia garini shanga zimemwagika barabarani, mbuzi wanazinusa. Nilimlalamikia kwamba uzi wake ni mbovu. Aliniomba nifunge fundo mbele yake, akatazama.

"Unakaza kavu," akasema. "Nailoni ikikazwa kavu inajiunguza yenyewe. Tia mate kwanza."

Akanifundisha fundo la ndoana: kuzungusha uzi juu yake wenyewe, kuurudisha kwenye tundu dogo, kuulowesha kwa mate, halafu kuvuta polepole mpaka ukae. Mikufu ikaacha kukatika. Wenzangu wakataka kujua siri, nikawapeleka kwake mmoja mmoja. Mwezi wa Ramadhani uliwahi kutukuta katikati ya mafunzo. Akaweka kizibo cha soda chenye maji juu ya kaunta, tukawa tunachovya mafundo humo, Waislamu na Wakristo, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo ukiona mkufu wa Ngaremara umedumu shingoni mwa mtu miaka mingi, ujue umefungwa kwa fundo la kolekole.

Sasa nieleze habari ya majaribio, kwa sababu bila hiyo hamtamwelewa.

Jioni, jua likishapungua ukali, alishusha rodi kutoka ukutani. Alitaka kujua kama breki ya rili imekaa sawa. Breki ndiyo inayoamua samaki avute uzi kwa shida kiasi gani: ikiwa legevu, kolekole anafika mwambani akicheka. Ikiwa kali mno, uzi unakatika hapo hapo. Basi kichochoro chetu kikawa bahari. Mlango wa duka ulikuwa boti. Kona ya kinu cha kusagia posho, ambapo bati la ua limejikunja nje likawa na makali, ilikuwa mwamba.

Alimkabidhi rodi mtu yeyote aliyekuwa karibu. Yeye mwenyewe alichukua mwisho wa uzi, akauzungusha kwenye kipande cha mti, akawa samaki. Mwanzo alitembea tu, kanzu ikipeperuka. Kisha aligeuka ghafla akakimbilia kona, akiwa mzee mzima mwenye ndevu za hina, na rili ikalia, na aliyeshika rodi akapiga kelele.

"Mzuie!" alipaza sauti bila kugeuka. "Nimeona mwamba! Inua ncha, mzuie!"

Wengi hawakumzuia. Uzi uligusa bati, ukakatika, naye akarudi na kipande chake cha mti akikagua ncha iliyokatika kama daktari. Aliyeshika rodi aliambiwa kosa lake kwa upole. Kisha kipande chote kilichokwaruzwa kilikatwa na kutupwa, hata kama kilionekana kizima, kwa maana uzi uliokwaruzwa hauaminiki tena. Punda wa mikokoteni walizoea. Waendesha pikipiki walisimama wakasubiri samaki apite. Muuza nyama alishika rodi hiyo, na mchota maji, na fundi wa saa, na imamu mwenyewe, ambaye alimzuia vizuri kuliko wote, kisha akajifanya si jambo kubwa. Mimi niliishika mara nyingi. Najua uzito wa yule mzee akikimbilia bati.

Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba kila mtu wa kichochoro alikuwa ameishika rodi hiyo isipokuwa mwenyewe.

Nilimuuliza jioni moja ya mvua. Umeme ulikuwa umepotea, kinu kimenyamaza, na maji yanapita mlangoni yamebeba mifuko. Nilisema kwa utani tu: mbona wewe kila siku ni samaki?

Hakucheka. Alikuwa anajaribu ndoana kwenye ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, ikinata ni kali. Ile ilinata, lakini aliendelea kuijaribu.

"Abaayo, mimi sijawahi kumvuta kolekole," akasema.

"Miaka hiyo yote?"

"Miaka hiyo yote. Kwa boti anayelipa ndiye anayevuta. Rodi inakaa kwa tundu yake. Rili ikilia, mimi ndiye natoa rodi, nakaza breki, nageuka, nampa mgeni. Nikishampa, siwezi kugusa tena. Ndiyo kanuni. Nikigusa, samaki sio yake."

"Na siku ya mapumziko?"

"Boti ni ya mwenyewe. Mafuta ni yake. Siku ya mapumziko unafunga ndoana za kesho." Akatazama mvua. "Mimi namjua kolekole kwa muda wa kusalimia mtu tu. Unasikia uzito, unajua ni yeye, unampa mwenzako."

Nikaelewa basi kwamba rodi ile ukutani haikuwa kumbukumbu ya kazi, kama nilivyodhani. Ilikuwa ya safari aliyokuwa bado hajaifanya. Alitaka kumshika yule samaki mara moja, mwenyewe, tangu rili inalia mpaka mwisho. Hakutaka kingine. Kukaa na jambo dogo hivyo moyoni miaka mingi kulinitia uchungu, nikamwambia hivyo. Alisema si dogo.

Basi kwa nini hakwenda? Alingoja uzi ukae sawa. Kila mwaka alikuwa karibu, na kila mwaka aliukata akaanza upya. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Mwanzo tuliona kwenye chai. Kisha kwenye fundo. Alianza kunipa mimi nifunge mafundo ya ndoana zake, akijifanya ana kazi nyingine. Daktari alimwambia mambo ambayo hakutuambia, lakini binti yake alituambia. Halima ndiye binti yake wa pekee, mwenye malori ya kusafirisha mifugo kwenda Nairobi, mwanamke anayewapigia madereva kelele kwa simu huku ananyonyesha. Anampenda babake kwa njia hiyo hiyo ya kelele. Alitaka mzee afunge duka akaishi naye Nairobi karibu na hospitali, na habari za boti hakutaka kuzisikia.

"Aabo, wewe hujui kuogelea," alimwambia mbele yangu. Aabo ni baba. "Mkono inakataa kikombe. Itashika samaki?"

"Ndiyo maana nataka saa hii," mzee akasema. "Mwaka ujao itakataa hata rodi."

Nikajitia. "Halima, mpeleke. Kitu gani kingine amewahi kukuomba?"

"Mama Akiru, wewe pia hujui kuogelea. Unasukuma mzee wa watu kwa maji ukiwa nchi kavu."

Alikuwa na haki. Mzee alichukua ndoana na uzi akaanza kupitisha uzi kwenye tundu. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, na tena. Halima, ambaye simu yake ilikuwa inaita, aliizima. Akamsogelea, akachukua vile vitu mkononi mwake, akapitisha uzi, akaulowesha kwa mate, akafunga fundo lile lile analolijua kila mwanamke wa shanga Isiolo. Alikuwa amefundishwa akiwa msichana mdogo. Akakaza polepole, akamrudishia.

"Tutaenda pamoja," akasema. "Na utavaa koti la kuelea hata ukienda chooni."

Wakashuka pwani. Kichochoro kikabaki na ukuta mtupu na misumari yake. Muuza nyama aliniuliza kila siku kama kuna habari, na mimi nikamwambia kila siku kwamba simu za baharini hazishiki. Ukweli ni kwamba niliogopa kupiga. Niliombea kolekole ambaye sijawahi kumwona ale ndoana ya mtu, na sijui kama maombi ya namna hiyo yanafika.

Waliporudi, mzee alipita kichochoroni akasalimia, asalaam aleikum huku na huku, akaingia ndani akalala. Hakuna aliyepata kitu kwake. Nikaenda kwa Halima kwenye uwanja wa malori, nikampata anahesabu mbuzi wanaopandishwa.

Alinionyesha picha kwenye simu. Samaki alikuwa mzuri kuliko maelezo yote: kijani cha chupa, mstari wa manjano, mkia wa manjano kweli. Aliyemshika ni Halima. Hijabu yake imelowa, meno yote nje, anacheka kama siku ya Idi. Babake hakuonekana. Pembeni ya picha kulikuwa na mkono tu, wa kulia, umeshika mwisho wa uzi.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

Halima alizima simu. Aliniambia waliondoka alfajiri, bahari imetulia. Mzee alikuwa ameweka uzi mwembamba, hatimaye, akasema liwalo na liwe. Alikaa nyuma ya boti karibu na rodi muda mrefu. Kisha rili ikalia. Akainuka kabla ya nahodha kugeuka, mkono hautetemeki kabisa, Halima aliapa hautetemeki. Akatoa rodi kwenye tundu. Akakaza breki. Akageuka, akampa Halima.

"Nilishika tu," Halima akasema. "Aliniambia shika, nikashika. Alikuwa anasema inua ncha, mzuie, ameona mwamba. Hata sikufikiria. Samaki ilipokuwa kwa boti ndio nikamwangalia, nikaona amejua alichofanya. Mama Akiru, nikalia pale pale na hiyo samaki mkononi. Picha walipiga kabla."

"Hamkujaribu tena?"

"Upepo ulikuja. Kesho yake mkono uliamka umekataa kila kitu."

Nilimkasirikia, kisha nikaona sina haki ya kumkasirikia. Nikamkasirikia mzee. Mtu anangoja maisha yake yote, kitu kinafika mkononi, anampa mwingine. Nilitembea mpaka nyumbani nikigombana naye kichwani.

Nilimwona mara ya mwisho jioni ya kufunga duka. Lori la Halima lilikuwa lije asubuhi kumchukua. Sufuria zimekwisha, turubai zimegawiwa, na mtungi alinipa mimi pamoja na nailoni iliyobaki. Rodi ilikuwa imeegemea mlango. Alikuwa amekaa kwenye kreti, mkono wa kulia ameulaza mapajani na wa kushoto juu yake, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Uzi ulikuwa sawa," akaniambia kabla sijauliza. "Mwembamba. Ulifika mpaka mwisho."

"Nimesikia."

"Halima alimzuia vizuri."

"Mzee, kwa nini ulimpa?"

Alifikiri. Hakuona aibu, alitaka tu kunijibu vizuri.

"Nilisikia rili inalia," akasema. "Nikatoa rodi. Nikasikia uzito, nikajua ni yeye. Halafu nikaangalia, nani ndiye mgeni leo? Nikaona Halima." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwacha. "Nilikuwa nataka sana, abaayo. Hata sasa nataka."

Nikachukua rodi, nikaitia mkononi mwake wa kulia, nikaukunja ule wa kushoto juu yake. Nikavuta uzi kutoka kwenye ncha, nikauzungusha kwenye kipande chake cha mti, nikaanza kutembea.

Kichochoro kilikuwa na watu wa kawaida wa jioni. Muuza nyama alikuwa anaosha meza. Mchota maji alikuwa anasukuma mkokoteni wake mtupu. Nilitembea polepole kwanza, kama yeye alivyofanya, mpaka nikafika karibu na kinu. Kisha nikageuka nikakimbilia bati, na nyuma yangu nikasikia rili inalia.

Nilitazama nyuma mara moja. Alikuwa amesimama. Amekaza breki, amegeuka, na rodi ameinyoosha mbele kumpa mchota maji.

Mchota maji alisimama. Alikuwa ameishika rodi ile mara nyingi, na mkono wake ulikuwa umeanza kwenda. Kisha akaushusha, akaweka mikono yote nyuma ya mgongo. Mzee akamgeukia muuza nyama. Muuza nyama alibaki na kitambaa chake cha meza, akatikisa kichwa.

"Hakuna mgeni hapa, mzee," akasema.

Yule mzee alitazama kichochoro kizima, mlango kwa mlango. Nilivuta uzi mara moja ili asisahau kwamba bado nipo. Nikaona anairudisha rodi kifuani, kitako chake kwenye mkanda, mkono unatetemeka na ncha ya rodi inatetemeka pamoja nao, lakini iko juu.

Nikalielekea bati kwa nguvu zangu zote, nami si mwembamba. Uzi ukakaza. Nikapiga hatua, akanirudisha. Nikapiga nyingine. Mwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono, na sikuufikia.